Dang'a Iliyomwagwa Chini

Uvumi wenyewe niliukuta kwenye foleni ya kinu, na mpaka leo sijui nani aliuleta. Mwanamke mmoja, amekalia gunia lake la shayiri, alisema kwamba mwaka huu dang'a imeoza. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano yanayotoka mama akishazaa tu. Akasema ng'ambo ya korongo kondoo wamezaa, watoto wakainyonya, wakavimba, wakafa. Kisha akashusha sauti: kilichomo kwenye kiwele cha kondoo ndicho kilichomo kwenye ziwa la mwanamke. Nikarudi nyumbani na unga begani na neno hilo kichwani. Unga niliutua. Neno likakataa kutua. Nikifagia nalisikia, nikimfunika mwanangu nalisikia. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea nyumba ya jirani yetu, mama mwenzangu, ili neno kama hilo likikufikia usilifuate mbio.

Nyumba yenyewe ni ya Birkinesh, bibi tunayemwita Emama kwa heshima, ng'ambo ya ukuta wetu wa mawe. Anaishi na mwanawe Gizaw, mfumaji wa mablanketi ya sufu, na mke wa Gizaw, Wubalem, ambaye wakati huo mimba ilikuwa kubwa hata akikaa chini lazima mtu amvute kuinuka. Tulikuwa katika mfungo mkuu wa kabla ya Pasaka: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna siagi mdomoni mwa Mkristo, na baridi ya milima yetu ya Menz inapenya mpaka kwenye meno.

Emama Birkinesh ndiye aliyepokea watoto wa kilima chote hiki. Kila mmoja wetu, kabla hajaonja kitu kingine duniani, alionja kidole cha Birkinesh chenye siagi. Kidonge cha siagi mbichi, kidogo kama punje ya dengu, kinawekwa ulimini mwa mtoto mchanga ili koo lilainike. Maziwa ya manjano ya mama yanakamuliwa na kumwagwa chini mpaka yatoke meupe, na hapo ndipo mtoto anyonye. Hayo ni ya watu. Kondoo hakuna aliyewaingilia. Walizaa huko malishoni, wakamaliza mambo yao wenyewe, wakarudi jioni wamekuwa wengi.

Lakini neno la kinu lilipomfikia Birkinesh halikumtisha. Lilimfurahisha.

"Si nilisema!" Alisimama pale pale kinuni, watu wote wanamsikia. "Manjano ni usaha! Ziwa limefungwa miezi yote hiyo, lisioze lina nini? Tumewaokoa watoto wetu, kondoo tumewaacha wakila usaha. Mimi wangu mwaka huu nawalea kama watu."

Na akawalea kama watu. Kondoo wake wa kwanza alipozaa, Birkinesh alikamua dang'a yote chini, akamtia mtoto kidonge cha siagi, akamfunga kwenye shuka zito. Kesho yake mwanakondoo amelegea kama soksi iliyoloa. Akafa.

"Kuna tone lilibaki," alisema Birkinesh.

Kondoo wa pili akazaa. Birkinesh akakamua mpaka kondoo mwenyewe akageuka kumtazama. Mtoto akapewa siagi mara mbili. Akafa naye.

"Hili tone," alisema Birkinesh, "lina ukaidi."

Wubalem alikuwa ameegemea ukuta wa zizi, mkono mmoja kiunoni, mwingine tumboni. Kliniki walimwambia mtoto anyonye hapo hapo akizaliwa, manjano yote, na asipewe kitu kingine chochote. Alitazama siagi ikiingia kwenye vile vinywa vidogo, na kila ikiingia anameza mate yeye.

"Mwambie mama," alimwambia mumewe.

"Mwambie wewe," alisema Gizaw, akiwa nyuma ya mtambo wake wa kufumia.

"Ni mama yako."

"Ndiyo maana nasema mwambie wewe."

* * *

Kabla Wubalem hajapata mdomo wa kusema, likatokea la kidole.

Siku ya mwanakondoo wa pili siagi ilibaki kidogo juu ya kidole cha Birkinesh. Na kidole, kama vidole vyote vya wanawake wanaopika, kilikuwa kinaijua njia. Kikaenda mdomoni. Kwenye ukuta, akipanga samadi ikauke kwa ajili ya kuni, alikuwapo Tirunesh, jirani yake wa upande wa juu, ambaye walikua pamoja na kugombana pamoja.

"Birke! Umelamba!"

"Nimelamba nini?"

"Siagi! Katika mfungo!"

"Nimelamba kidole. Kidole ni changu."

"Na kilichokuwa juu ya kidole?"

"Hicho kilikuwa cha kondoo."

"Basi angelamba kondoo."

Habari zikashuka kilima kabla ya samadi kukauka. Asubuhi yake akaja Kasisi Tekle, baba wa kiroho wa nyumba ile, akakaa kwenye kigoda, akawekewa shayiri ya kukaanga. Alitafuna taratibu. Hakuna kitu kinachochosha moyo kama kasisi anayetafuna kabla ya kusema. Wubalem alijifanya anafagia. Mtambo wa Gizaw ulinyamaza ghafla, uzi umekatika, alisema baadaye.

"Emama Birkinesh, nimeambiwa kuna siagi."

"Baba, ni kweli ilifika mdomoni. Lakini niliitema."

"Uliitemea wapi?"

Birkinesh akatazama paa, akatazama mlango.

"Ndani," alisema.

Kasisi alishika msalaba wake kwa mikono yote miwili na kuinama. Mabega yakamtikisika kidogo. Alipoinuka uso ulikuwa umesharudi kazini.

"Utasujudu mlangoni pa kanisa kila asubuhi mpaka nitakaposema basi. Na huyo mwanakondoo aliyepewa siagi, yeye yuko wapi?"

"Amekufa, baba."

"Basi siagi hiyo haikuwafaa wote wawili."

Kwa hiyo, akiwa na umri wake ule, Birkinesh akawa anasujudu mlangoni pa kanisa na wanawake wakipita wanamwamkia kwa adabu iliyozidi. "Umeamkaje, Emama? Magoti hayajambo?" Alirudi nyumbani amefura. Na mtu aliyefura haombwi ruhusa. Wubalem akameza maneno yake tena.

* * *

Alibaki kondoo mmoja wa kuzaa, yule wa kijivu. Huyo alikuwa wa Wubalem mwenyewe, aliletwa naye siku ya harusi kutoka kwao. Alianza uchungu asubuhi, Birkinesh ndiyo kwanza ametoka kusujudu, na wakati huo huo mbwa wakabweka na mtu akapiga kelele nje, "Mwenye nyumba! Mshike mbwa! Jamani, mshike!"

Alikuwa Daktari Hirut wa kituo cha kondoo. Binti mdogo, viatu vyembamba vya mjini, pua nyekundu kwa baridi, sanduku la plastiki amelishika mbele yake kama ngao. Alikuwa anazunguka nyumba zenye kondoo wanaozaa, anachukua damu ya wanakondoo kabla hawajanyonya na baada ya kunyonya, kuona dang'a inaifanyia nini damu.

"Damu yetu mtaiuza wapi?" aliuliza Birkinesh.

"Haiuziki, Emama. Hata kijiko hakijai."

"Kama haiuziki unaitembelea baridi yote hii kwa nini?"

"Nataka kujua kilichomo."

"Kilichomo ni damu! Hilo ningekwambia ukiwa mlangoni, usingesumbua mbwa."

Daktari Hirut alikuwa ameshajibu maswali kama hayo kwenye nyumba nyingi. Akachuchumaa karibu na yule kondoo. "Mtoto wa kondoo anazaliwa damu yake haina askari, Emama. Hawezi kupambana na ugonjwa wowote. Askari wako kwenye dang'a. Akinyonya, wanapita tumboni wanaingia kwenye damu. Lakini mlango wa kupitia uko wazi kama siku moja hivi, na kila saa unajifunga. Ukishajifunga, hata umpe pipa zima, hawapiti. Na sukari ya damu nayo inashuka, ndiyo maana wanapoa na kulegea."

"Nyumba yangu," alisema Birkinesh, "haijawahi kuandikisha kondoo jeshini."

Kwenye ukuta Tirunesh alicheka mpaka akaangusha samadi.

Kondoo wa kijivu akazaa mapacha, wote madume, wote weusi kama masizi. Daktari akachukua damu kidogo shingoni mwa kila mmoja. Birkinesh alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, siagi iko tayari kwenye jani. Hapo ndipo Wubalem aliposema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, maana ilikuwa imekaa ndani muda mrefu.

"Mama, wako wawili. Mmoja wako, mmoja wangu."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Wako mpe siagi. Wangu anyonye dang'a. Chuchu moja yako, imwage. Moja yangu. Halafu daktari atazame damu za wote wawili."

Mtambo wa Gizaw ukanyamaza. Tangu aolewe, mkamwana huyu hakuwahi kusema "wangu" katika ua ule. Birkinesh alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye tumbo, na kwenye tumbo macho yakasimama. Si mjinga. Alijua kinachosemwa si cha kondoo.

"Na wako akifa?"

"Nitanyamaza, mama. Hata siku yangu ikifika nitanyamaza. Fanya unavyojua."

"Na wangu akifa?"

"Mtoto wangu ataninyonya kwanza. Manjano yote. Bila siagi."

"Nimesikia!" alipiga kelele Tirunesh. "Mimi shahidi!"

"Hukuulizwa!" Birkinesh akamjibu bila kugeuka. Kisha akasema, "Haya. Tuone."

Bibi huyu hapendi kitu kama kushindana. Akachagua mwanakondoo aliyeonekana mnene zaidi, akakamua chuchu yake mpaka dang'a ikatandaza manjano juu ya udongo, akampa kidonge cha siagi, kidole akakipangusa kwenye gauni huku anamtazama Tirunesh. Mbwa alikuja akailamba ile dang'a yote, na mchana kutwa alishinda anaruka ukuta bila sababu. Hilo nalo lilikuwa la kufikiria, lakini hakuna aliyelifikiria.

Daktari akaenda nyumba nyingine, akaahidi kurudi jua likianza kushuka.

* * *

Aliporudi, mwanakondoo wa Wubalem alikuwa amepindua sinia la shayiri, amekanyaga sufu ya Gizaw, na sasa anaipiga kichwa miguu ya kila aliyesimama. Wa Birkinesh alikuwa amelala kwenye shuka mapajani mwa bibi. Kichwa kinaning'inia.

"Wangu ana adabu," alisema Birkinesh. "Tangu asubuhi hajasumbua mtu."

Daktari akaingiza kidole kinywani mwa yule mwenye adabu. Akakitoa haraka. "Kinywa kimepoa, Emama."

Akachukua damu tena kwa wote wawili. Tone moja moja akaliweka kwenye kijimashine cha kupimia sukari, akakunja uso alipofika kwa wa Birkinesh. Ile nyingine akaiacha isimame kwenye vichupa. "Lazima igande, maji yake yajitenge juu. Itachukua muda."

"Muda gani?"

"Kama wa kahawa."

"Kahawa ya kwanza au ya tatu?"

"Ya tatu."

Basi kahawa ikakaangwa, ikatwangwa, ikachemshwa. Tirunesh alishuka ukutani bila kualikwa, kwa sababu harufu ya kahawa ni mwaliko. Wakanywa ya kwanza, wakanywa ya pili, na vichupa vimesimama katikati yao kwenye kikombe kama wageni wasiokunywa. Wubalem hakuweza kunywa. Alimtazama yule mwanakondoo anayeteremka mapajani mwa mama mkwe wake taratibu, kama nguo inayoteleza. Akifa yule, mtoto wake amepona. Alilijua hilo, akasukuma kikombe chake mbali.

Kwenye ya tatu daktari akanyonya maji ya manjano yaliyojitenga juu ya damu, akatia tone kwenye kijidarubini cha kioo, akakielekeza kwenye jua. Akatazama. Akampa Birkinesh.

"Tazama humo, Emama. Utaona mstari."

"Naona giza."

"Umefumba jicho linalotazama. Fumba lile jingine."

"Haya... Ah. Kuna buluu na kuna nyeupe. Katikati mstari."

"Huyo ni mtoto wa Wubalem. Mstari umepanda sana, sivyo? Sasa huyu wako."

Birkinesh akatazama. Akakipangusa kioo kwa gauni, akatazama tena. Akakigeuza juu chini ili mstari upande, ukakataa.

"Uko chini," alisema.

"Uko pale pale ulipokuwa asubuhi alipozaliwa. Hakuna kilichoingia."

"Na siagi yangu imekwenda wapi?"

"Imepita tu, Emama. Mafuta hayana askari."

Tirunesh naye akataka kuona, Gizaw naye, na kila mmoja akitazama anasema "Aaa" kwa sauti ambayo Birkinesh hakuipenda. Ni Wubalem peke yake ambaye hakutaka kutazama.

"Daktari, ule mlango umeshafungwa?"

"Unafungwa. Lakini akipata dang'a sasa hivi, kitu kinaweza kupita."

"Apewe."

Birkinesh alimgeukia. "Akipona umeshindwa, mwanangu. Tulisema akifa."

"Najua tulisema nini, mama. Apewe."

Wakaenda kwa kondoo wa kijivu. Chuchu ya Birkinesh tupu, imekamuliwa hasa. Ya Wubalem tupu, yule mpiga miguu amemaliza. Wakabaki wamesimama. Kilima kizima kondoo mmoja tu mwingine alikuwa amezaa siku hiyo. Watu wote wakamtazama Tirunesh, ambaye alikuwa anapuliza kahawa yake ya tatu polepole kana kwamba ni ya kwanza.

"Mnanitazamia nini?"

"Kondoo wako kazaa leo asubuhi," alisema Gizaw.

"Kazaa. Lakini alichonacho ni usaha. Ndivyo nilivyofundishwa kinuni, mbele ya watu wote. Sikuwa hata na wakati wa kuukamua. Sasa nitampaje jirani usaha? Watasema mimi mchawi."

Mwanakondoo akatoa sauti ndogo, si ya kulia hasa, kama mlango unaofunguliwa kidogo. Birkinesh alimvuta shuka mpaka masikioni.

"Tiru," alisema.

"Naam, Birke."

"Nipe kikombe."

"Cha nini?"

"Cha kile."

"Kile kipi? Vitu viko vingi duniani."

"Cha dang'a, mwanamke wewe! Naomba dang'a! Naiomba! Unataka nisujudu na kwako? Mtoto anakufa mapajani mwangu!"

Nilikuwa upande wangu wa ukuta na nilimwona Tirunesh. Alikuwa ameshasimama, ameshajifunga kanga ya mabegani, kikombe ameshakimwaga kahawa. Alikuwa anangoja neno tu. Alipolipata alikimbia, na yule ni mtu asiyekimbia hata mvua ya mawe ikinyesha.

Walimlisha kwa chupa ya daktari yenye nyonyo la mpira, kidogo kidogo, Birkinesh ameshika kichwa, Tirunesh ameshika chupa, wanagombana: "Inua!" "Nimeinua!" "Unamtia puani!" "Pua iko wapi hapo?" Mwanzo maziwa yalitoka pembeni. Kisha koo likasogea. Kisha mkia, jamani, ule mkia mnene ulipiga mara moja, na wale wanawake wawili wakapiga kelele kama wamepigwa wao.

Alipona. Alibaki mdogo kuliko nduguye na mwoga wa upepo, lakini alipona. Na Birkinesh, alipohakikisha kwamba anasimama, akakohoa.

"Hakuna aliyekufa. Basi hakuna aliyeshinda."

Wubalem akamgeukia daktari, macho yamejaa. "Na mtoto wa mtu?"

Daktari Hirut alisita. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli una siku zake mbaya. "Mimi ni wa mifugo, dada yangu. Mtoto wa mtu si sawasawa na kondoo. Yeye akiwa tumboni hupata akiba kidogo kwenye damu ya mama..."

"Umesikia?" alisema Birkinesh. "Si sawasawa!"

"...lakini dang'a ya mama yake ndiyo kinga yake ya kwanza, Emama, na siagi inaweza kumtia..."

"Neno la kwanza limetosha, binti yangu. Usijichoshe. Gizaw, mshikie mgeni mbwa."

* * *

Siku ya Wubalem ilifika mchana wa gulio. Gizaw alikimbia kumwita muuguzi na watu wa machela, na kama kawaida mtoto hakungoja machela. Nyumba ilijaa wanawake. Moshi wa samadi, maji yanachemka, kila mtu anaamuru na hakuna anayetii. Wubalem alikuwa ameng'ata shuka. Siku zile zote tangu damu za kondoo hakusema neno jingine, na Birkinesh hakusema, na kila jioni walikula kitoweo cha dengu pamoja wakizungumzia upepo.

Mtoto akatoka. Msichana, analia kwa hasira nzuri. Vigelegele vikapigwa mpaka kondoo wakajibu. Birkinesh alimkata kitovu, akamfuta, akamtazama macho na vidole. Kisha, kama siku zote, akanyoosha mkono wake wa kulia pembeni bila kutazama, na kama siku zote mtu akatia siagi. Mwaka huu aliyeileta alikuwa Tirunesh, siagi mbichi imefungwa kwenye jani, kwa sababu jirani wa karibu ndiye anayeleta, wamegombana wasigombane.

Wubalem alifunika maziwa yake kwa mikono yote miwili. Hakuwa na nguvu ya kitu kingine. "Mama," alisema tu.

Birkinesh alichota kidonge. Mtoto alisikia harufu, akanyamaza, akafungua kinywa, akageuza kichwa huku na huku anatafuta. Wanawake wakainama kuona, kama walivyoinama kwa watoto wote wa kilima hiki. Kidole kilifika karibu na ule mdomo mdogo na kikasimama. Kilisimama muda mrefu hata mmoja akanong'ona, "Ana nini?" Siagi ikaanza kulainika kwa joto la moto na kuteremka kiganjani mwake.

Kisha Birkinesh akaiinua ikapita juu ya mtoto, akaipachika katikati ya kichwa cha Wubalem.

"Kichwa cha mzazi kimekauka kama nyasi za paa," alisema kwa ukali, "na nyinyi mmekaa mnanikodolea macho! Leteni iliyobaki!"

Akaipaka yote, anasugua nywele kwa nguvu, siagi inatiririka masikioni mwa mkamwana wake, na kwa mkono wa pili anamsukuma mtoto kifuani. "Toa mikono, mwanangu. Toa. Atanyonyaje ukiwa umejifunga kama kabati?"

"Birke," alisema Tirunesh, "hukukamua kwanza."

"Nikamue nikamwage?" Birkinesh hakugeuka. Sauti ilikuwa imepungua. "Halafu nikimwona huyu amepoa, nije kukuomba kikombe kwako? Unayo?"

Tirunesh, ambaye mjukuu wake wa kwanza ameshaoa, alifungua mdomo, akajitazama kifuani, akaufunga. Halafu nyumba nzima ikaangua kicheko, mpaka muuguzi aliyefika na machela nje akadhani amekosea nyumba. Wubalem alikuwa anacheka na kulia, siagi inamwingia machoni, na mtoto ameshika ziwa kama amelitafuta miaka, matone ya manjano yamemkaa kwenye kidevu. Birkinesh alitaka kuyafuta kwa kidole. Akafikiri. Akayasukuma yarudi kinywani.

Mama mwenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usimwage dang'a, ya kondoo wala yako.

Usingoje maziwa yageuke meupe ndipo umnyonyeshe.

Usimpe mtoto mchanga siagi, wala maji, wala asali, wala maji ya uwatu, hata akilia sana.

Usimfungie mwanakondoo mbali na mama yake saa za kwanza ukidhani unamtunza. Akishindwa kusimama, mkamulie umnyweshe.

Usiseme utampa kesho.

Usimwone mtoto aliyetulia ukafurahi kabla hujamtia kidole kinywani kuona kama kina joto.

Usikae kimya mpaka siku ya uchungu. Sema na mama mkwe mapema, mchana, mtu wa tatu akiwepo.

Na usimnyonyeshe baada ya wageni kumaliza kahawa. Wageni wangoje.